UKUTA WA UBONGO: JINSI BAKTERIA WA HOMA YA UTI WA MGONGO WANAVYOUVUKA

Leo tutajifunza juu ya homa ya uti wa mgongo. Jina hili wengi tumelisikia. Mtoto anapata homa kali, shingo inakaza, macho yanageuka. Jirani mmoja anasema, "Huo ni uti wa mgongo." Mwingine anasema, "La, hiyo ni degedege, mpelekeni akafukizwe." Basi mabishano yanaanza, na saa zinapita. Lakini ugonjwa huu hausubiri watu wamalize kubishana.

Shirika la Afya Duniani linaeleza hivi: katika kila watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mtu mmoja hufa. Na katika kila watu 5, mmoja hubaki na madhara makubwa. Huyu anakuwa kiziwi, yule anapata kifafa, mwingine anapooza, na mwingine akili yake hairudi kama zamani.

Katika somo hili tutaeleza jambo moja kubwa. Ubongo una ukuta unaouzunguka. Ukuta huo huzuia vijidudu vilivyo ndani ya damu visiufikie ubongo. Lakini wapo bakteria wachache wanaojua njia za kuuvuka. Ukishaelewa habari za ukuta huu, utaelewa mambo matatu: kwa nini mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, kwa nini daktari anataka kuchukua maji mgongoni, na kwa nini vidonge vya dukani havitoshi.

JINA LAKE LINAPOTEZA WATU

Kwanza tuliweke sawa jina. Mtu akisikia "uti wa mgongo" hufikiri ni maumivu ya mgongo, kama yale ya mtu aliyelima kutwa nzima. Sivyo. Ugonjwa wenyewe uko kwenye tando.

Umepata kuona mbuzi akipasuliwa kichwa? Ubongo wake umefunikwa na utando laini. Na sisi binadamu ni hivyo hivyo. Tando hizo zinaufunika ubongo, zinashuka ndani ya mgongo, na kuufunika ule uti mweupe unaotoka kwenye ubongo. Kati ya tando hizo mna maji maangavu kabisa, kama maji ya kisima kizuri. Kazi ya maji hayo ni kuulinda ubongo usigongwe na mfupa wa kichwa.

Homa ya uti wa mgongo ni kuvimba kwa tando hizo. Vinavyosababisha ni vingi. Kuna virusi, kuna kifua kikuu, na kuna ukungu unaowapata zaidi watu ambao kinga yao imepunguzwa na virusi vya UKIMWI. Lakini leo tunazungumzia bakteria, kwa sababu hao ndio wanaoua upesi kuliko wote.

UKUTA ULIVYOGUNDULIWA

Zamani hakuna aliyejua kwamba ubongo una ukuta. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alieleza jambo la ajabu. Aliwachoma wanyama sindano ya rangi kwenye damu. Alipowapasua, aliona rangi imeingia kila mahali. Maini yana rangi, figo zina rangi, nyama ina rangi. Lakini ubongo ulikuwa mweupe! Yeye alidhani kwamba ubongo haushiki rangi tu, basi.

Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alijaribu kwa njia nyingine. Safari hii rangi hakuitia kwenye damu. Aliitia kwenye yale maji yanayouzunguka ubongo. Kumbe! Ubongo ukashika rangi, lakini maini na figo zikabaki bila rangi. Basi ikawa wazi kwamba ubongo hushika rangi kama nyama nyingine. Kati ya damu na ubongo kuna kitu kinachozuia.

Kitu hicho ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Katika miaka ya 1960, kwa kutumia hadubini zenye nguvu sana, wataalamu wa Marekani walikiona ukuta wenyewe ulivyo.

NYUMBA ILIYOKANDIKWA NA ISIYOKANDIKWA

Tuseme unajenga nyumba ya miti na udongo. Umesimamisha nguzo, umefunga fito. Kabla hujakandika, upepo unapita, kuku anapita, hata panya anapita. Ukishakandika vizuri, mwanya hakuna tena. Anayetaka kuingia lazima apite mlangoni, na mlango una mwenyewe.

Mishipa midogo ya damu nayo iko hivyo. Kuta zake zimejengwa kwa chembechembe hai zilizopangwa bega kwa bega. Sehemu nyingi za mwili, kati ya chembe na chembe kuna nyufa ndogo. Maji, chakula na dawa hupita humo kwenda kwenye nyama. Hiyo ni kama nyumba ya fito tupu.

Lakini mishipa ya ubongo imekandikwa. Kati ya chembe na chembe kuna gundi ngumu inayoziba kila ufa. Kinachotakiwa kuingia kwenye ubongo, kama sukari ya kuupa nguvu, hupitishwa kwenye milango maalumu. Kisichotakiwa hubaki nje.

Na ukuta huu si mfupi. Wataalamu wamekadiria kwamba mishipa midogo ya ubongo wa mtu mmoja ikiungwa pamoja, urefu wake unafika kama kilomita 600. Hiyo ni karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha! Ukuta mrefu kiasi hicho umo ndani ya kichwa chako, unakulinda usiku na mchana.

SAFARI YA BAKTERIA: KUTOKA KOONI MPAKA KWENYE DAMU

Bakteria wanaoleta homa hii wako wa aina nyingi, lakini watatu ndio wanaosifika kwa ubaya. Wa kwanza anaitwa meningokoki. Huyu ndiye huleta milipuko, watu wengi wakaugua kwa wakati mmoja. Wa pili ni nimokoki, ambaye pia huleta homa ya mapafu. Wa tatu huitwa Hib, na huwashambulia zaidi watoto wadogo.

Utashangaa kusikia wanakoishi. Wanaishi ndani ya pua na koo za watu wazima wa afya! Katika watu 10, mmoja hivi huweza kuwa na meningokoki kooni, naye haumwi chochote. Akikohoa, akipiga chafya, au akilala na wenzake wengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha, huwapa wengine. Wengi wao nao hawataugua. Hivyo mtoto akiugua, msianze kutafuta mchawi wala kumnyoshea kidole jirani. Aliyemwambukiza hajui kwamba anao.

Ila mara chache bakteria hupenya ngozi laini ya koo na kuingia kwenye damu. Huko hukutana na askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kuwakamata bakteria na kuwameza. Bakteria wengi hufia hapo.

Lakini hawa watatu wana ujanja. Wamejivika ganda lenye utelezi. Umepata kumshika kambare kwa mikono mitupu? Umemkamata, mara ameponyoka. Ndivyo askari wa mwili wanavyohangaika na bakteria hawa. Wakati askari anateleza, bakteria anazaana. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Damu ikishajaa bakteria, ndipo wanapopata nafasi ya kuujaribu ukuta wa ubongo.

NJIA TATU ZA KUVUKA UKUTA

Njia ya kwanza: kuingia mlangoni kwa hila.
Nimokoki hutumia njia hii. Juu ya chembe za ukuta kuna vitasa. Kila kitasa kina ufunguo wake, nao ni kitu halali cha mwili. Nimokoki amebeba juu ya mwili wake kitu kinachofanana na ufunguo huo. Anakigusa kitasa, na chembe inadhani ni mgeni halali. Inamvuta ndani, inampitisha tumboni mwake, na kumtoa upande wa pili. Ni kama mwizi aliyevaa shati la mwenye nyumba, mtoto akamfungulia mlango mwenyewe. Zaidi ya hapo, nimokoki ana sumu inayotoboa chembe za ukuta.

Njia ya pili: kubandua udongo wa ukuta.
Hii ni njia ya meningokoki. Ana vinyweleo virefu na vyembamba vya kunatia. Damu inamsukuma kwa nguvu, lakini yeye ananata kwenye ukuta wa mshipa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wenzake wanakuja wananata pale pale, wanakuwa kundi. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walieleza kinachofuata. Bakteria hawa huidanganya chembe wanayoikalia. Chembe inachukua ile gundi iliyokuwa ikiziba nyufa, inaileta pale walipo bakteria. Sasa, ukibandua udongo wa pembeni ukaujaza katikati, pembeni patakuwaje? Patakuwa na mwanya. Na bakteria wanapita kwenye mwanya huo.

Njia ya tatu: kujificha ndani ya askari.
Wapo bakteria ambao askari wa mwili anawameza, lakini hawafi. Wanakaa tumboni mwake wamejificha. Askari anaruhusiwa kuvuka ukuta kwa kazi yake ya ulinzi, naye anavuka na adui tumboni. Bakteria aitwaye listeria anaweza kupita kwa njia hii. Yeye hutokana na chakula, kama maziwa yasiyochemshwa au nyama iliyochafuliwa, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee. Ndiyo maana tunaambiwa kila siku: chemsheni maziwa.

Kwa watoto wachanga kuna bakteria wengine ambao mtoto huwapata wakati wa kuzaliwa. Hao nao hupenya ndani ya chembe za ukuta. Mtoto mchanga kinga yake bado ni changa, basi kazi yao inakuwa rahisi.

NDANI YA UKUTA HAKUNA ASKARI

Sasa bakteria wameingia. Kwa nini hali inakuwa mbaya upesi namna hii? Sababu ni ukuta wenyewe.

Ukuta ule uliozuia vijidudu ulizuia pia askari wengi wa mwili wasizurure ndani ya ubongo. Maji ya ubongo hayana ulinzi wa kutosha. Ni kama ghala lenye kufuli kubwa mlangoni, lakini ndani hakuna mlinzi. Panya akishaingia, anakula atakavyo. Bakteria wanazaana humo bila kusumbuliwa.

Baadaye mwili unashtuka. Askari wanamiminika kwa wingi, wanapigana, na mapigano yao yanaumiza ubongo. Ukuta unazidi kuvuja. Maji yanaingia na ubongo unavimba. Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Lakini ubongo umo ndani ya mfupa, na mfupa hautanuki. Basi unajibana wenyewe. Ndiyo sababu kichwa kinauma kupita kiasi, mgonjwa anatapika, anapata degedege, na mwisho anapoteza fahamu. Bakteria na sumu zao hufika mpaka ndani ya sikio na kuharibu mishipa ya kusikia. Hapo ndipo uziwi unapotoka.

Mambo haya yote yanaweza kutokea ndani ya saa 24. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kuwa hajitambui jioni.

DALILI ZA KUZITAMBUA

Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa:
1. Homa kali ya ghafla.
2. Kichwa kuuma sana.
3. Shingo kukaza. Hawezi kugusisha kidevu kifuani.
4. Kutapika.
5. Mwanga kumuumiza macho.
6. Kuchanganyikiwa, kusinzia sana, au degedege.
7. Pengine madoa mekundu au ya zambarau. Kwa mtu mweusi yatazame kwenye viganja, nyayo, na ndani ya kope.

Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze. Mtazame hivi: anakataa kunyonya, analia kilio chembamba kisichonyamaza, au amelegea kama nguo. Utosi wake umetuna. Pengine hana homa, bali mwili umekuwa wa baridi.

Usingoje dalili zote zionekane. Homa na moja tu ya hizo nyingine inatosha kukufanya uondoke nyumbani.

Wengine watasema, "Hiyo ni malaria tu." Inaweza kuwa malaria. Malaria kali nayo huleta degedege na kupoteza fahamu. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, hata daktari hawezi. Tena mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye maji ya ubongo, vyote pamoja. Zote mbili zinaua na zote mbili zinatibiwa hospitali, kwa hiyo ubishi huo hauna faida.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe dawa, usimkalishe kwenye moshi. Mpeleke. Ukipitia zahanati, mwulize mganga kama anaweza kumpa sindano ya kwanza kabla hamjaanza safari ya kwenda hospitali. Sindano hiyo ya mapema huokoa maisha njiani.

KWA NINI WANACHUKUA MAJI MGONGONI?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokataa. Mazungumzo kama haya husikika mara nyingi wodini:

BABA: Daktari, damu chukueni, mkojo chukueni. Lakini mgongo hapana! Kijijini kwetu mtoto alichomwa mgongo, kesho yake akafa.

DAKTARI: Pole sana, baba. Hebu nikuulize. Mtoto huyo alifikishwa hospitali siku ya ngapi?

BABA: Siku ya nne. Alikuwa hajitambui.

DAKTARI: Sasa baba, kilichomwua ni sindano, au ni zile siku nne?

BABA: (Ananyamaza.) Na kupooza je? Si mnachoma uti wenyewe?

DAKTARI: Hapana, baba. Uti unaishia juu. Sisi tunachoma chini yake, hapa karibu na kiuno. Hapo hakuna uti, kuna maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea. Sindano ikija, zinasogea pembeni.

Daktari amesema kweli. Njia hii ya kuchukua maji ilielezwa na daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1891, na inatumika duniani kote mpaka leo. Maji yanayochukuliwa ni kidogo, kama kijiko cha chai. Mwili wa mtu mzima hutengeneza maji hayo karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo yaliyotolewa hurudishwa upesi. Baada ya hapo kichwa kinaweza kuuma siku chache, kisha kinapoa.

Faida yake ni nini? Kumbuka ule ukuta. Damu iko upande huu, ubongo uko upande ule. Ukitaka kujua nani ameingia ndani ya ukuta, huwezi kuuliza nje tu. Lazima uchukue maji ya ndani. Maji mazuri ni maangavu. Yenye bakteria mara nyingi huwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha hutazamwa kwenye hadubini, na daktari anajua ni bakteria gani na dawa gani itamfaa.

Kama hali ya mgonjwa hairuhusu kuchomwa mgongo wakati huo, daktari mwenyewe ataahirisha na kuanza dawa kwanza. Mwulize, atakueleza. Kuuliza ni haki yako. Lakini kukataa kwa sababu ya uvumi ni kumfunga daktari macho.

DAWA NAYO HUKUTANA NA UKUTA

Wengine hupita dukani kwanza, wakanunua vidonge vya kuua bakteria, wakampa mgonjwa na kusubiri kesho. Hili ni kosa kubwa.

Ukuta hauchagui kati ya adui na rafiki asiye na ufunguo. Dawa nyingi nazo huzuiwa nje. Mathalani penisilini hupita kidogo sana kwenye ukuta mzima. Tando zikiwa zimevimba na ukuta unavuja, dawa hupita zaidi, lakini bado ni sehemu ndogo tu ya ile iliyo kwenye damu. Kwa hiyo lazima damu ijazwe dawa nyingi ili kiasi cha kutosha kivuke. Vidonge vichache haviwezi. Inatakiwa sindano ya dawa yenye nguvu, kama seftriaksoni, kwa kipimo kikubwa, na kwa kawaida hupitishwa kwenye mshipa.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mgonjwa akianza kupona, uvimbe unashuka na ukuta unaanza kuziba tena. Dawa nayo inaanza kupata taabu kupita. Lakini ndani bado kunaweza kuwa na bakteria waliosalia. Ndiyo maana kipimo hakipunguzwi hata mtoto akianza kucheka na kuomba uji. Matibabu huweza kuchukua siku 5, wiki mbili, hata wiki tatu kwa mtoto mchanga, kutegemea aina ya bakteria na umri. Mzazi anayemtorosha mtoto siku ya tatu kwa sababu "amepata nafuu" na shamba linangoja, anaweza kurudi naye wiki inayofuata akiwa mahututi.

Kabla ya kutoka hospitali, omba mtoto apimwe masikio. Uziwi ukigunduliwa mapema, mtoto husaidiwa mapema. Asije akapigwa shuleni kwa ukaidi, kumbe hasikii.

CHANJO: KUMPAKA KAMBARE MAJIVU

Mvuvi akitaka kumshika kambare asiponyoke, hupaka majivu. Utelezi unakwisha, mkono unashika. Chanjo inafanya kazi kama hiyo. Inaufundisha mwili kulitambua lile ganda la bakteria na kulinatisha kinga juu yake, ili askari wamkamate huko huko kwenye damu kabla hajaufikia ukuta.

Faida yake imeonekana. Katika nchi kavu zinazopakana na jangwa la Sahara kwa kusini, toka Senegali mpaka Ethiopia, meningokoki huleta milipuko wakati wa kiangazi chenye vumbi. Mwaka 1996 na 1997 watu zaidi ya 250,000 waliugua huko, na 25,000 wakafa. Desemba 2010 chanjo iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika dhidi ya meningokoki wa aina A ilianza kutolewa Burkina Faso, Mali na Niger. Watu zaidi ya milioni 300 wamechanjwa. Aina A, iliyokuwa ikiua maelfu, imetoweka karibu kabisa. Aina nyingine bado zipo, na mwaka 2024 Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kutumia chanjo mpya inayozuia aina tano kwa pamoja.

Huku kwetu, Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001. Huko Kilifi, ndani ya miaka michache, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulipungua kwa karibu tisa ya kumi. Tanzania ilianza chanjo ya Hib mwaka 2009, na ya nimokoki ilienea nchini kuanzia 2013. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ukiikosa kliniki moja, usiseme "basi tena". Nenda, utapangiwa siku nyingine.

KUMBUKA

1. Homa pamoja na shingo kukaza, degedege au kuchanganyikiwa: hospitali leo, siyo kesho.
2. Usipoteze saa kwa kufukiza wala kwa vidonge vya dukani.
3. Usikatae kuchukuliwa maji mgongoni.
4. Maliza dawa zote, hata mgonjwa akipata nafuu.
5. Watu wanaolala chumba kimoja na mgonjwa wamwulize daktari kama nao wanahitaji dawa ya kinga.
6. Fungua madirisha ya chumba cha kulala.
7. Peleka mtoto chanjo kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jina "uti wa mgongo" linawapoteza watu wengi?
2. Mweleze mwenzako ukuta wa ubongo kwa mfano wa nyumba iliyokandikwa.
3. Taja njia tatu ambazo bakteria huzitumia kuvuka ukuta huo.
4. Kwa nini kupima damu peke yake hakutoshi?
5. Hapa kijijini kwenu, mtoto akiugua usiku wa manane, usafiri utatoka wapi? Nani ana baiskeli, pikipiki au gari? Nani ana namba ya simu ya mwenye chombo? Pangeni leo, kabla mgonjwa hajapatikana.